MOTOKARI AO SHOFERE? Neno letu juu ya mabishano ya nyumba ya tatu



Tangu majuma matatu kuna vita katika nyumba ya tatu ya kulala. Si vita ya mikono, maana hapo sisi kapita tungepashwa kuandika majina. Ni vita ya maneno, nayo inaanza kila Jumapili jioni, wakati wale waliotoka mjini wanarudi na habari za mashindano ya motokari waliyoyaona kwenye televisheni ya wajomba zao. Swali ni hili: mtu akishinda mbio za motokari, nani ameshinda? Yeye shofere, ao motokari yake?

Mmoja wa darasa la tatu alipiga kitanda kwa mkono na kusema: "Mutu njo anaendesha! Motokari haiwezi kujiendesha!" Mwingine wa darasa la tano alimjibu kutoka kitanda cha juu: "Weye, tia ule shampioni wako mu kamio ya mihogo, kisha utaniambia alifika wa ngapi." Watu walicheka, taa ikazimwa, lakini maneno hayakuzimika.

Sisi pia tulicheka. Lakini siku chache nyuma yake tulijikuta na karatasi moja mbele yetu, karatasi ya komite ya wanafunzi, nayo ilihusu viti 24 vya chumba cha etidi. Hapo tuliona kwamba swali la nyumba ya tatu si la mchezo tu. Tutafika kwenye karatasi hiyo mwishoni. Kwanza tumalize mambo ya motokari, kwa sababu pande zote mbili zimesema kweli, na pande zote mbili zimesahau jambo.

WANAOSEMA "SHOFERE"

Hawa wana methali ya wazee: mchagua jembe si mkulima. Tena wana mashahidi wazuri. Tuchukue watatu.

Wa kwanza ni Juan Manuel Fangio wa Argentina. Mwaka 1957, kwenye njia ya Nürburgring katika Ujerumani, alikuwa na miaka 46, umri ambao wengine wanatafuta kiti cha kupumzikia. Njia ile ilikuwa na urefu wa karibu kilometa 23 kwa mzunguko mmoja, na walipashwa kuizunguka mara 22. Fangio, katika Maserati, alisimama katikati ya mashindano kwa kutia esansi na kubadilisha mipira. Wafanyakazi wake walikawia, na alipotoka, Ferrari mbili za Mike Hawthorn na Peter Collins zilikuwa zimemwacha kwa muda wa robo tatu za dakika hivi. Basi akaanza kuwafuata. Alivunja rekodi ya mzunguko, kisha akaivunja tena, kisha tena. Katika mzunguko wa mbele ya mwisho aliwapita wote wawili. Alishinda kwa tofauti isiyofika sekonde 4, na siku ile akapata taji lake la tano la dunia.

Wa pili ni Stirling Moss wa Uingereza. Mwaka 1961, Monaco, aliendesha Lotus ya mtindo wa mwaka uliopita, mali ya ekipi ndogo ya mtu binafsi, Rob Walker. Ferrari walileta motokari tatu mpya zenye motere ya nguvu kuliko yake. Mizunguko 100 katika barabara za mji! Ferrari zote tatu zilimfukuza, moja ikichoka nyingine inashika nafasi yake. Mwishoni zilifika ya pili, ya tatu na ya nne. Moss wa kwanza.

Wa tatu ni Ayrton Senna wa Brazil. Mwaka 1984, Monaco tena, ulikuwa mwaka wake wa kwanza katika mashindano ya Formula 1. Alikuwa na Toleman, ekipi ambayo haikupata kushinda hata mara moja. Alianza nafasi ya 13. Mvua ilinyesha kama ile ya kwetu mwezi wa nne. Wakati wakubwa waligonga kuta, yeye alipita mmoja mmoja mpaka akawa wa pili nyuma ya Alain Prost, na alikuwa anamkaribia. Wakasimamisha mashindano juu ya mvua, naye akabaki wa pili.

Mkisikia habari hizi mnataka kusimama na kupiga mikono. Sisi pia. Lakini ngojeni.

WANAOSEMA "MOTOKARI"

Hawa hawana habari za kupendeza namna hiyo, lakini wana hesabu.

Mwaka 1988 kulikuwa na mashindano 16. Ekipi ya McLaren, yenye motere ya Honda, ilishinda 15. Mwaka 2023 kulikuwa na mashindano 22. Ekipi ya Red Bull ilishinda 21. Sasa tunauliza: mashofere wengine wote wa dunia walikuwa wamelala miaka ile?

Tena wanatukumbusha Fernando Alonso wa Hispania. Huyu alikuwa shampioni wa dunia mwaka 2005 na mwaka 2006. Mwaka 2015 aliingia katika McLaren ambayo motere yake mpya haikuwa na nguvu wala haikudumu. Mwaka mzima alipata pointi 11. Mjue kwamba kushinda mara moja tu kunaleta pointi 25. Je, alikuwa amesahau kuendesha? Hapana, ndugu. Mwaka 2023, katika Aston Martin iliyokuwa motokari nzuri zaidi, alipanda mara 8 kwenye jukwaa la watatu wa kwanza, na mwaka ule alitimiza miaka 42. Mtu ni yule yule.

Na kuna habari moja ya mwaka 1961, mwaka ule ule wa Moss. Majuma saba hivi nyuma ya Monaco, mashindano yalifika Reims katika Ufaransa. Ferrari walimpa motokari kijana wa Italia, Giancarlo Baghetti. Ilikuwa mara yake ya kwanza katika mashindano ya taji la dunia. Akashinda! Ferrari nyingine zilipata taabu njiani, naye peke yake akabaki kupigana na Porsche ya Dan Gurney mpaka mstari wa mwisho. Hatusemi hakufanya kazi, alifanya. Lakini nyuma ya siku ile hakushinda tena hata mara moja katika mashindano ya taji. Basi siku ile ya Reims, ni nani alimbeba mwenzake?

DARI NA KICHWA

Hapa tunaomba mwalimu wetu wa fizika atusamehe tukikosea, lakini tunaona jibu liko katika somo lake.

Motokari ikiingia kona kwa mbio, kitu kimoja tu kinaizuia isitoke njiani: mipira yake inavyoshika chini. Kushika huko kuna mpaka. Ukipita mpaka, unateleza. Lakini mipira ikibanwa chini kwa nguvu zaidi, inashika zaidi. Juu ya hiyo mafundi wa motokari hizi wanatia mabawa mbele na nyuma. Bawa la ndege linainua. Haya yamepinduliwa, upepo unayasukuma chini. Motokari inabanwa sawasawa na kama imebeba mzigo mzito, na kumbe mzigo haupo. Basi yenye mabawa mazuri inapita kona kwa mwendo ambao ungeitupa nyingine majanini.

Mambo haya hayategemei mikono ya shofere. Hata umtie nani, hawezi kuilazimisha mipira ishike kuliko inavyoweza. Ndiyo maana tunasema hivi: motokari inaweka dari, na shofere anaonyesha kichwa chake kinafika wapi chini ya dari. Shofere mzuri anakaribia dari sana, mzunguko kwa mzunguko, bila kuchoka. Shofere wa kawaida anabaki chini. Mpumbavu anataka kulipasua dari, na hao ndio tunaowaona kwenye majani.

Sasa rudini kwa mashahidi wetu watatu, mtaona jambo. Mvua ikinyesha, dari inashuka kwa wote. Mwenye motere kubwa hawezi kuitumia yote, kwa sababu magurudumu yanazunguka bure. Linalobaki ni nani anasikia vizuri kwa mikono na kiuno mahali mpaka ulipo. Ndiyo mvua ya Senna. Monaco nayo ni barabara nyembamba za mji, kona juu ya kona. Motere yenye nguvu haina mahali pa kukimbilia, na kumpita mtu ni kazi kubwa. Ndiyo Monaco ya Moss. Lakini Reims ilikuwa na barabara ndefu zilizonyooka, na pale Ferrari ilionyesha nguvu yake. Na Fangio? Mipira yake ilikuwa mipya, esansi yake kidogo, na Ferrari hazikusimama kubadilisha kitu. Hatuondoi hata punje moja ya sifa yake. Tunasema tu kwamba dari lake siku ile halikuwa chini sana kama watu wanavyosimulia.

Kwetu pia tumeona hivyo. Mwaka jana wakati wa mvua, kwenye ule mteremko wa udongo mwekundu chini ya masomo, jeep mpya ilizama mpaka milango. Kisha ikafika kamio ya zamani ya mzee mmoja anayebeba mihogo. Alishuka, akatembea kwa miguu mbele kutazama matope, akarudi, akapita polepole pembeni bila kusimama. Tulimpigia makofi. Lakini wakati wa jua, kwenye barabara kavu, jeep ile inampita mzee bila hata kumsalimu.

Na mwisho wa mwaka 1961 taji lilikwenda wapi? Kwa Phil Hill, shofere wa Ferrari. Moss alishinda mara mbili mwaka ule, Monaco na Nürburgring, mahali ambapo mikono inasema zaidi. Katika maisha yake yote hakupata taji la dunia hata moja.

JARIBIO LA KWELI

Mtu atasema: "Hayo yote ni kukisia, maana hamuwezi kumtoa mtu katika motokari mbaya na kumweka katika nzuri siku hiyo hiyo." Kumbe ilifanyika, karibu hivyo.

George Russell, kijana wa Uingereza, aliingia Formula 1 mwaka 2019 katika ekipi ya Williams, ambayo wakati ule ilikuwa ya nyuma kabisa. Aliendesha mara 36 katika Williams bila kupata pointi hata moja. Tarehe 29 mwezi wa 11, mwaka 2020, huko Bahrain, alifika wa 12. Juma lile lile Lewis Hamilton wa Mercedes alipata ugonjwa wa Covid, na Mercedes wakamwita Russell akalie kiti chake. Russell ni mrefu kuliko Hamilton, hakuenea vizuri katika nafasi ile.

Tarehe 6 mwezi wa 12, Bahrain ile ile, ingawa walitumia njia fupi zaidi. Siku ya kupanga nafasi alikuwa wa pili, nyuma ya mwenzake Valtteri Bottas kwa elfu 26 za sekonde. Mashindano yalipoanza alimpita na kuongoza. Wafanyakazi wakakosea mipira, wakamtilia mipira ya mwenzake, akarudi tena kubadilisha. Akapanda tena mpaka wa pili, na mpira ukaanza kutoa upepo. Alimaliza wa 9, pointi 3. Hizo zilikuwa pointi zake za kwanza katika Formula 1.

Siku saba! Kijana hakupata mikono mipya katika siku saba. Alipewa dari jipya.

Lakini sikilizeni upande wa pili wa habari hiyo. Juu ya nini Mercedes walimwita yeye, si mwingine? Alikuwa mmoja wa vijana waliokuwa wakiwalea, ni kweli. Tena walikuwa wameangalia namna alivyofanya katika motokari mbaya. Mwaka 2019, siku za kupanga nafasi, alimshinda mwenzake wa Williams, Robert Kubica, mara 21 katika mara 21. Na kitu cha kuchekesha: pointi moja tu ambayo Williams walipata mwaka ule ilimwendea Kubica. Basi mtu anayesoma pointi peke yake angemchagua Kubica. Wenye kujua hawakusoma pointi peke yake. Waliuliza: waliokuwa na motokari moja, nani alimpita nani?

Na hii ndiyo kanuni tunayotaka mshike. Shofere anapimwa na mtu mwenye motokari kama yake. Mwaka 2023 Red Bull walikuwa na motokari mbili za namna moja. Max Verstappen alishinda mara 19, Sergio Pérez mara 2. Pointi 575 kwa 285. Hapo huwezi kusema motokari. Mwaka 1988 Senna alishinda mara 8 na Prost mara 7. Hapo unajua kwamba walikutana watu wawili wakubwa.

SHOFERE ANAYETENGENEZA DARI

Kuna neno moja zaidi, na pande zote mbili za nyumba ya tatu zimelisahau. Motokari haianguki kutoka mbinguni. Inatengenezwa, na shofere anaweza kusaidia kuitengeneza.

Ekipi ya Ferrari ilipata taji la mashofere mwaka 1979, nalo lililetwa na Mwafrika ya Kusini, Jody Scheckter. Kisha ikakaa miaka mingi bila taji. Mwaka 1996 wakamchukua Michael Schumacher wa Ujerumani, ambaye alikwisha kuwa shampioni mara mbili. Je, alishinda taji mwaka ule? Hapana. Wala 1997, wala 1998, wala 1999. Alijaribu motokari siku nyingi, akirudi kwa mafundi kuwaambia nini inakosa. Jean Todt aliongoza, Ross Brawn alipanga kazi, Rory Byrne mzaliwa wa Afrika Kusini alichora motokari. Mwaka 2000 taji likarudi, nyuma ya miaka 21, kisha likakaa pale mpaka 2004.

Basi shofere bora si yule anayejivuna kwamba ataendesha chochote. Ni yule anayeendesha vizuri aliyo nayo leo, na huku anasaidia ile ya kesho iwe nzuri zaidi. Lakini hafanyi peke yake. Inaomba watu, inaomba miaka.

Kwa hiyo neno letu ni hili. Juu ya swali "nani atakuwa wa kwanza mwisho wa mwaka?", motokari inasema zaidi. Juu ya swali "nani ni mtu wa kazi?", shofere anasema zaidi, lakini humsikii mpaka umejua anaendesha nini. Mabishano ya nyumba ya tatu hayaishi kwa sababu wanajibu maswali mawili wakidhani ni moja.

KARATASI YA VITI 24

Sasa tufike nyumbani. Wote mnajua chumba cha etidi kina viti 24 na mwanga wa paneli za jua. Jua likizama, ni pale peke yake mtu anaweza kusoma bila kuharibu macho. Wanaotaka kuingia ni wengi kuliko viti. Karatasi ya komite inasema hivi: kuanzia muhula unaokuja, viti viwe vya wale waliopata asilimia 60 na zaidi, "kwa sababu wengine wanajaza nafasi bure."

Tuseme wazi: sahihi ya kwanza chini ya karatasi ile ilikuwa yetu. Tuliona ni haki. Mwenye kufanya kazi apewe, mvivu aondoke.

Kisha ikaja Jumapili ya mabishano, na usiku ule hatukulala vizuri. Tulijiuliza: je, tumepima watu wenye motokari moja? Siku ya pili tulichukua majina ya wale watakaoondolewa, tukamwendea kila mmoja na maswali matatu. Nyumbani unawasha nini usiku? Kitabu cha hesabu unasoma cha nani? Unatembea muda gani kufika hapa?

Wengi hawana taa nyumbani isipokuwa moto wa jiko. Wengi wanangoja kitabu kizunguke kwa wenzao wanne ao watano. Kuna dada mmoja wa darasa la nne anayevuka mto asubuhi na jioni, na akifika nyumbani anapika kwa wadogo zake kabla ya kufungua daftari. Ana asilimia 48. Sisi tunaoandika tuna asilimia 71. Lakini kapita analala karibu na ofisi, na taa ya ofisi inawaka mpaka wakubwa waende kulala. Kitabu cha hesabu tulikipata kwa kaka yetu aliyemaliza. Tunatembea hatua chache kufika darasani. 71 yetu na 48 yake: nani shofere mzuri zaidi? Tuliweka sahihi kana kwamba tunajua. Hatujui. Na karatasi ile ingetuzuia tusijue kamwe, maana ingempa motokari nzuri aliyekwisha kuwa nayo, na kumnyima asiye nayo, halafu mwisho wa mwaka tungesoma pointi na kusema: "Mnaona? Tulisema kweli."

Hatutaki mtu atumie maneno yetu kama mto wa kulalia. Katika majina yale tulimkuta pia ndugu mmoja anayekaa kwa mjomba mwenye grupu ya umeme, mwenye vitabu vyake vyote, na ana asilimia 39. Huyu tulimwambia uso kwa uso: "Weye iko na Ferrari, ndugu, na uko wa mwisho. Usituambie habari ya barabara." Alicheka kidogo, kisha hakucheka tena. Na kwa wale wenye motokari mbaya tunasema: msiachilie usukani. Russell angeendesha Williams kwa uvivu kwa sababu ni ya mwisho, hakuna mtu angempigia simu siku ile.

Wenzetu wa darasa la sita watatujibu: "Mtihani wa Taifa uko karibu, na karatasi ya mtihani haiulizi una taa ao hauna." Ni kweli kabisa. Mstari wa mwisho wa mashindano pia hauulizi. Njo maana inapashwa kutengeneza mambo mbele ya kufika kwenye mstari, kwa sababu pale hakuna atakayesikiliza maelezo.

Basi tumeondoa sahihi yetu, na tunatoa shauri jingine. Viti 12 viwe vya wale wasio na mwanga nyumbani, bila kuuliza asilimia zao. Viti 12 vingine viwe vya wote, kwa zamu. Mwenye kiti akikosa mara tatu bila sababu, mwingine anaingia. Tufanye hivyo muhula mmoja tu. Kisha tuchukue pointi, na hapo tutakuwa tunalinganisha watu waliokaa chini ya taa moja. Kama wale 12 hawakupanda hata kidogo, wenye karatasi ya kwanza watakuwa na haki ya kutucheka hadharani, na sisi tutaandika hapa kwamba tulikosea. Na kwa kuwa sisi tuna taa ya ofisi, hatutakaa katika kiti hata kimoja cha vile 24.

Komite inakutana Ijumaa, nyuma ya masomo ya mchana. Bwana Prefe amekubali kusikiliza pande zote mbili. Wale wa nyumba ya tatu tunawaomba waje, lakini waje na sauti ya chini kuliko ile ya Jumapili.

Mwenye kupinga neno letu aandike. Tutatia jibu lake katika namba inayokuja bila kulikata. Ila stensili zimebaki chache, basi asizidi ukurasa mmoja.

Kapita wa Wanafunzi, darasa la sita